Kimara hadi Tegeta kwa Njia ya Goba

Dar es Salaam imekua kwa kufuata barabara zake kuu. Barabara ya Morogoro iliivuta kwenda magharibi, ya Bagamoyo kaskazini, ya Pugu, ambayo sasa ni ya Nyerere, kusini-magharibi, na ya Kilwa kusini. Kati ya barabara hizo yalibaki kwa miaka mingi mashamba ya mikorosho, minazi na mihogo, mengi yakiwa ya Wazaramo, wenyeji wa pwani hii. Mapengo hayo ndiyo yaliyojaa nyumba tangu miaka ya 1990. Sensa ya 2002 ilihesabu watu karibu milioni 2.5 katika mkoa mzima, ya 2012 ikahesabu 4,364,541, na ya 2022 ikafika 5,383,728. Wilaya ya Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni katikati ya miaka ya 2010, ilikutwa mwaka 2022 na watu 1,086,912, wengi kuliko Kinondoni yenyewe iliyobaki na 982,328.

Njia nzuri ya kuyaona mabadiliko hayo huanzia Kimara, hupanda hadi Mbezi Mwisho, hukata kulia kwenda Goba na Madale, kisha huteremka Wazo hadi Tegeta Kibaoni. Ni mwendo wa kama saa moja kwa gari, foleni isipokuwepo. Msafiri anayeipita hukatisha manispaa mbili na kuona aina zote za makazi ya pembezoni: yaliyopimwa, yasiyopimwa, yaliyorasimishwa baadaye na yale ambayo mahakama imeshayasikiliza. Akisikiliza mazungumzo ya kwenye daladala atasikia pia lalamiko moja likirudiwa kwa namna mbalimbali, kwamba watu wa huku hawana wa kuwasemea.

Kimara ndipo ilipoishia awamu ya kwanza ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kubeba abiria Mei 2016 kutoka Kivukoni. Mbele yake, barabara ya njia nane hadi Kibaha, kilomita 19.2, imeyapa magari nafasi ambayo mwanzoni mwa karne hii hakuna aliyeiota. Nafasi hiyo ilipatikana kwa gharama. Mwaka 2017 nyumba kati ya Kimara na Kiluvya ziliwekewa alama nyekundu ya X na kubomolewa kwa maelezo kwamba zimo ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Wenye nyumba walikuwa na mikataba ya mauziano yenye mihuri ya serikali ya mtaa. Walikuwa na mita za umeme, na maji, na risiti za kodi. Wapo waliokuwa wamekaa hapo tangu eneo likiwa kijiji. Serikali ilisimamia hoja kwamba hifadhi hiyo ni ya zamani kuliko nyumba, na kwamba aliyejenga ndani yake hana haki ya kulipwa fidia.

Bomoabomoa ya Kimara iliacha fundisho ambalo bado linazungumzwa katika vibanda vya kahawa vya eneo hilo, nalo ni kujua nani aliweza kusimama mbele ya tingatinga na nani hakuweza. Mwenyekiti wa mtaa hakuweza, diwani hakuweza, na mbunge wa Kibamba wa wakati huo, John Mnyika wa Chadema, alipeleka kilio bungeni bila kuzuia kazi. Ulinzi wa kisheria ambao watu walidhani wanao kupitia muhuri ulikuwa wa kuandikiana tu kati ya majirani.

Mbezi, kilomita chache mbele, ina stendi kubwa ya mabasi ya mikoani iliyofunguliwa na Rais John Magufuli Februari 2021, na ambayo imechukua nafasi ya stendi ya zamani ya Ubungo. Mwezi huohuo Rais aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam iliyokuwa ikizisimamia manispaa zote, na hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Cheo cha meya wa jiji aliyechaguliwa na madiwani, ambacho Isaya Mwita wa Chadema alikipata Machi 2016 baada ya mvutano wa miezi, kikakosa mahali pa kukaa kwa namna kilivyojulikana. Kwa mkazi wa Mbezi tukio hilo lilipita kimyakimya. Halmashauri ya jiji ilikuwa mbali naye ilipokuwepo, na ilipoondoka hakuona pengo.

Ili kuelewa kwa nini, lazima ngazi za uwakilishi zielezwe kama zilivyo. Mjini, ngazi ya chini kabisa ya serikali ni mtaa. Mwenyekiti wake na wajumbe wa kamati huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano, lakini mtendaji wa mtaa, anayeshika mafaili, ni mwajiriwa wa halmashauri. Juu ya mtaa ipo kata, yenye diwani wa kuchaguliwa na mtendaji wa kuajiriwa. Madiwani wa kata na wa viti maalumu, pamoja na wabunge wa eneo hilo, ndio baraza la manispaa, na wao humchagua meya. Mkurugenzi wa manispaa, anayeidhinisha malipo na kusaini mikataba, huteuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa vilevile. Kwa hiyo kila ngazi ina watu wawili wawili, mmoja wa kura na mmoja wa barua ya uteuzi au ya ajira, na fungu la fedha huwa upande wa pili.

Haikuwa hivi kila wakati. Serikali za mitaa za mwanzo wa uhuru zilifutwa 1972 katika mpango wa madaraka mikoani, halmashauri za miji zikarudishwa 1978, na sheria zinazotumika hadi leo zilitungwa 1982. Chini ya halmashauri hizo kulikuwa na mjumbe wa nyumba kumi, mtu wa TANU na baadaye wa CCM, ambaye vyama vingi vilipoingia 1992 alibaki kuwa mtu wa chama kimoja. Hata hivyo Kimara na Mbezi bado wapo wazee wanaomwambia mpangaji mpya aanze kwa mjumbe kabla hajaenda kwa mwenyekiti, na mpangaji mwenye busara huenda.

Kutoka Mbezi Mwisho barabara ya lami inapinda kuelekea Goba, ikipanda na kushuka vilima. Goba ilikuwa kijiji. Sasa ni kata, mojawapo ya kata 14 za Manispaa ya Ubungo, yenye mitaa kama Kinzudi, Matosa na Kulangwa. Kijiji kinapogeuka mtaa, jambo moja hubadilika bila sherehe: halmashauri ya kijiji, ambayo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasimamia ardhi na kuwajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji, hutoweka, na ardhi huhamia kwa manispaa. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa hata kiwanja kimoja. Lakini wauzaji na wanunuzi hawakuacha kwenda kwake. Shamba la mikorosho lilikatwa vipande vya hatua ishirini kwa ishirini, dalali akaleta wateja, mkataba ukaandikwa kwenye karatasi mbele ya majirani wa mipaka yote, mwenyekiti akagonga muhuri, na mnunuzi akatoa asilimia 10 ya bei kwa ofisi. Malipo hayo ni ya desturi. Sheria ya Ardhi haiyajui. Kwa miaka mingi yalikuwa pato kubwa kuliko yote la mitaa ya pembezoni, na ndiyo sababu mojawapo ya viti vya uenyekiti kugombewa kwa nguvu kule ambako mashamba yalikuwa hayajaisha.

Matokeo yanaonekana kwa macho. Nyumba nzuri zimesimama juu ya miteremko bila njia ya gari kuifikia kila moja. Ukuta wa huyu umekula barabara ya yule. Mapagala yenye wapangaji wa muda yanapakana na ghorofa zenye geti la umeme, na kati yao korongo linapanuka kila masika. Chini zaidi, katika mito ya Mbezi na Tegeta, uchimbaji wa mchanga wa kujengea nyumba hizohizo umekula kingo na kusogeza maji kwenye misingi ya watu. Kupima baada ya kujenga, yaani urasimishaji, kumesaidia kuleta ramani na hati kwa waliolipa, ila kupima hakuwezi kurudisha barabara ambayo tayari ni sebule ya mtu.

Ofisi ya serikali ya mtaa katika maeneo haya hutambulika kwa bendera na ubao wa matangazo. Asubuhi ya siku ya kazi, benchi la nje huwa limejaa. Kijana anataka barua ya utambulisho aipeleke benki. Wanaume wawili wamekuja na dalali na mkataba uliokunjwa mara nne. Mzazi anataka barua ya kumdhamini mwanawe polisi. Mama wa makamo, kanga begani, haombi barua.

“Shikamoo, mwenyekiti.”

“Marahaba, mama. Habari za kwako?”

“Nzuri. Lile kalvati letu lini?”

“Barabara ile iko TARURA, mama. Nimeshawaandikia.”

“Na maji?”

“Hayo DAWASA. Wiki iliyopita nilipiga simu.”

“Sasa wewe, mzee wetu, una nini?”

Benchi zima likacheka, mwenyekiti naye akacheka, kisha akavuta kidau cha wino na kugonga muhuri wa kijana wa benki.

Jibu la mwenyekiti lilikuwa sahihi kabisa. Tangu 2017 barabara za mitaa haziko tena chini ya idara ya ujenzi ya manispaa. Ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ambao meneja wake hawajibiki kwa baraza la madiwani. Maji ni ya DAWASA, umeme ni wa TANESCO, na barabara kuu ni za TANROADS. Kodi ya majengo, ambayo ilikuwa chanzo cha maana cha mapato ya manispaa, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato 2016, na tangu Agosti 2021 hukatwa pamoja na umeme wa LUKU, ikianza mwaka huo kwa Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Wapangaji walilalamika mara moja, kwa sababu anayenunua umeme ndiye anayekatwa, nyumba iwe yake isiwe yake. Hoja ya serikali ilikuwa urahisi wa kukusanya, na kwa kipimo hicho mfumo unafanya kazi. Kilichopotea ni ule uhusiano wa zamani ambapo mkazi aliweza kumuuliza diwani wake kodi ya nyumba yake imejenga mtaro gani. Sasa diwani naye anauliza.

Kila moja ya hatua hizi ilikuwa na sababu inayotetewa. Barabara za halmashauri zilijaa mikataba mibovu, na manispaa zilishindwa kukusanya kodi ya majengo inavyotakiwa. Lakini zikiwekwa pamoja zimemwachia mwakilishi wa karibu kazi ya kupokea malalamiko ambayo hana uwezo wa kuyatatua. Hilo, kuliko chama au sura ya kiongozi, ndilo chimbuko la manung'uniko ya pembezoni, na wanaodhani kubadilisha mwenyekiti kutaleta greda wamekosea mlango.

Wakazi wamejibu kwa kujisemea wenyewe. Karibu kila barabara ya ndani ya Goba ina kundi lake la WhatsApp, na ndani ya kundi kuna kamati, na kamati ina mweka hazina, mara nyingi mstaafu mwenye subira. Kundi hukusanya fedha za vifusi, hukodi greda kabla ya mvua za masika, hununua makalvati, hulipa vijana wa ulinzi shirikishi na hugombana na wenye malori ya mchanga. Orodha ya waliochanga hubandikwa kila Jumapili jioni, na jina linalokosekana husemwa. Kwa ufanisi, makundi haya yameipita mikutano mikuu ya mitaa. Kwa uwakilishi yana kasoro kubwa: humo wamo wenye nyumba, si wapangaji, wenye magari, si wanaotembea, na mzee wa Kizaramo aliyewauzia wote viwanja mara nyingi hayumo.

Mzee huyo ndiye huhudhuria mkutano wa mtaa. Wahamiaji hutoka alfajiri kwenda mjini na kurudi usiku, Jumapili wako kanisani au msibani, na Desemba sehemu kubwa ya Kimara na Mbezi hubaki na walinzi huku wenye nyumba wakiwa wamekwenda kwao Moshi kwa sikukuu. Kwa hiyo chini ya mwembe hukaa wenyeji, kina mama wenye vikundi vya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, bodaboda na mafundi. Wanajadili mambo yao vizuri. Wenye mageti husoma muhtasari wa mkutano kwenye simu, kisha huandika kwamba hawakushirikishwa.

Baada ya Goba barabara inaingia Madale na Mivumoni, na hapo msafiri ameshavuka mpaka na kuingia Kata ya Wazo, Manispaa ya Kinondoni. Hakuna kinachobadilika isipokuwa rangi ya vibao. Huku ndiko unakoonekana mkono wa serikali katika upimaji, kwa mafanikio na kwa mapungufu. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima maeneo ya Mbweni, Boko na Bunju kwa upande huu, Kibada, Gezaulole na Tuangoma kwa upande wa kusini, na Buyuni na Mwanagati kwa upande wa Ilala. Mwishoni viwanja vilizidi 30,000. Barabara zilichorwa kabla ya nyumba, jambo ambalo Goba ilikosa. Wenye mashamba walilipwa fidia, lakini wengi hawakuweza kununua viwanja vilivyopimwa juu ya ardhi yao ya zamani, wakasogea mbele zaidi kuanza upya. Miaka kadhaa baadaye, wakazi wa Bonde la Msimbazi walioathiriwa na mafuriko ya Desemba 2011 walihamishiwa Mabwepande, kaskazini ya hapa, mbali na masoko na vibarua walivyovizoea. Katika visa vyote viwili uamuzi ulifanywa juu, na kiongozi wa mtaa au kijiji akaitwa kusoma majina.

Upande wa kilima cha Wazo kuna kisa kingine. Kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji 1966 kilikuwa na eneo kubwa la kuchimba mawe, na watu walijenga ndani yake, sehemu inayojulikana kama Chasimba. Kiwanda kilishinda mahakamani. Lakini maelfu walikuwa wameshahamia, na kuwaondoa kungekuwa vita, kwa hiyo serikali iliingia kati kutafuta namna ya kuwapimia. Anayelinganisha Chasimba na Kimara atajiuliza kwa nini wengine walibaki na wengine wakabomolewa. Jibu la kisheria lipo, kwamba hifadhi ya barabara si sawa na ardhi ya kiwanda. Wakazi wa Kimara hawajalikubali.

Siasa za vyama zimepita juu ya haya yote kwa kasi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Desemba 2014 wapinzani walichukua mitaa mingi ya Dar es Salaam, na mwaka uliofuata majimbo ya Kawe, Kibamba na Ubungo yote yalikwenda Chadema. Novemba 2019 Chadema ilijitoa baada ya wagombea wake wengi kuenguliwa, na wenyeviti wengi wa CCM wakapita bila kupingwa. Oktoba 2020 majimbo yale matatu yalichukuliwa na CCM. Uchaguzi wa mitaa wa 27 Novemba 2024 ulikuwa na wagombea wa upinzani na malalamiko yaleyale ya kuenguliwa, na CCM ikatangazwa kushinda takriban asilimia 99 ya nafasi nchini. Uchaguzi wa serikali za mitaa husimamiwa na TAMISEMI, wizara iliyo chini ya Ofisi ya Rais, si Tume ya Uchaguzi inayosimamia kura ya diwani, mbunge na Rais. Kwa wapinzani hilo peke yake linatosha kuutia shaka. Kwa mkazi wa Madale asiye na kadi ya chama chochote, kero ni ya chini zaidi: alifika kituoni akaona jina moja, au alifika akakuta jina lake mwenyewe halimo.

Jina lake halikuwemo kwa sababu ambayo mara nyingi haikuwa hila. Daftari la uchaguzi wa mtaa si daftari la kudumu la wapiga kura. Hufunguliwa upya kila uchaguzi, kwa siku chache, na kadi ya mpiga kura haimwingizi mtu humo. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa wa siku 10, kuanzia 11 hadi 20 Oktoba, katika vituo vya mitaani, na aliyekuwa mjini kila siku hadi usiku alipitwa nao.

Lami inateremka kutoka Wazo, bahari ikionekana kwa mbali upande wa mashariki, hadi Tegeta Kibaoni kwenye Barabara ya Bagamoyo, ambako ujenzi wa njia ya mwendokasi umekuwa ukiendelea kwa mikataba ya serikali kuu. Hapo daladala za Goba hugeuza. Kwa utaratibu wa miaka mitano, wenyeviti wa mitaa yote ya njia hii watachaguliwa tena mwaka 2029. Mkazi anayetaka kuwa na sauti katika uchaguzi huo aulizie tarehe za uandikishaji katika ofisi ya mtaa wake mapema, na akafike mwenyewe kuandika jina.